Jicho la Bernadeta kwenye Oveni ya Vikombe

Hadi saa saba usiku simu ilikuwa haijaita. Bernadeta aliiweka dirishani ambako mtandao hushika, akaichukua, akairudisha. Lori lililokwenda kufuata mboga Mgeta lilibeba vikombe mia nane vya miche, na mdogo wake Paskalia, mkulima wa huko, aliahidi kupiga akishavipokea.

"Mama, hata ukiikodolea macho haitaita," alisema binti yake Lucy kutoka kitandani. "Na mimi umenifunua shuka mara tatu. Bado napumua."

Ndivyo Bernadeta alivyokuwa. Alifunua wali kabla haujakauka, akafukua mbegu kuona kama zimeota. Shule aliishia darasa la saba, lakini majirani zake Kingolwira walisema jicho lake halilali. Kwa ajili ya jicho hilo Yogesh, mwenye karakana ndogo mjini, alimpa kazi ya kulinda oveni.

Vikombe hivyo ni vya plastiki itokanayo na mahindi, iliyochanganywa na nyingine laini ili isivunjike ovyo. Mkulima huvifukia pamoja na mche, vikaoza taratibu. Ila vikitoka kwenye kalibu inayovipa umbo huwa bado vichanga, na jua kali huvilegeza. Kwa hiyo huingizwa kwenye oveni dakika arobaini, vikomae.

"Ndani yake kuna nyuzi ndogo zisizoonekana," Yogesh alimweleza siku ya kwanza. "Zikipata joto na muda zinajipanga, zinashikana kama chembe za chumvi. Ile poda nyeupe tunaitia zipate pa kuanzia. Ukizidisha muda, kikombe kinavunjika kama biskuti. Ukifungua mlango mapema, vya mbele vinapoa kabla havijakomaa. Usifungue mpaka kengele ilie."

Bernadeta alikubali kwa kichwa. Lakini Jumanne, dakika ya kumi na tano, alifungua kidogo, kuona tu. Baadaye akafungua tena. Vikombe vilipotoka vyote vilifanana. Yogesh alipoomba kimoja ili akijaribu kwa maji ya moto, mkono wa Bernadeta uliruka safu ya mbele, ukachukua cha nyuma kabisa, kilichonyooka vizuri, kama anayemchagulia mgeni nyama. Nani humpa bosi kibaya? Kikombe kilistahimili maji. Mzigo ukaenda.

Simu iliita alfajiri.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Vimefika?"

"Vimefika, lakini vingine vimelala kama soksi. Lori lilishinda juani stendi ya Msamvu, vikombe vikiwa chini ya turubai. Mume wangu Raphael anauliza tupandie nyanya au tuvivae."

Bernadeta hakucheka. Alijifunga khanga, akaondoka bila chai.

Karakanani alimkuta Yogesh ameshapata habari. Amefungua mfuko wa poda, mikono imekuwa myeupe hadi kwenye viwiko.

"Shikamoo mama. Kosa ni hii poda," alisema bila kumtazama. "Mchanganyiko wote naumwaga. Naanza upya."

Mchanganyiko ule ulimchukua miezi mitatu. Bernadeta alisimama karibu na mlango. Angenyamaza, kazi yake ingebaki, na huyu kijana angehangaika na kosa lisilokuwepo.

"Usimwage," alisema. "Kosa ni langu. Nilifungua."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

"Na kile nilichokijaribu?"

"Nilikuchagulia kizuri."

Yogesh alijifuta mikono polepole. "Kwa hiyo mimi ulinipa mnofu, Mgeta ukawapelekea mifupa."

Bernadeta aliinama, akaanza kukusanya trei tupu.

"Haya, tunarudia sasa hivi, mchanganyiko uleule. Ukifungua, Mama Lucy, kesho hapa atakaa mtu mwingine."

Akapanga vikombe, akawasha, akaenda zake kwenye duka lake mbele ya karakana. Bernadeta alibaki peke yake na mngurumo wa feni ya oveni. Dakika ya kumi alisikia kitu kikigonga ndani, au alidhani amesikia. Dakika ya kumi na nane harufu ilibadilika. Je, kama vinaungua? Aliinuka, akafika kwenye kishikio, akahisi joto lake kwenye viganja. Akarudi. Akaviringisha mikono ndani ya khanga, akakaa akiangalia ukuta, mguu mmoja ukicheza wenyewe. Dakika ya thelathini alikuwa akitokwa jasho kuliko siku ya kujifungua.

Kengele ilipolia hakuinuka. Alimwita Yogesh.

"Si imelia, mama? Fungua."

"Fungua wewe."

Yogesh akafungua. Joto likawapiga usoni. Akachukua kikombe cha safu ya mbele, kilichokuwa karibu kabisa na mlango, akakijaza maji yanayochemka. Walikitazama wote wawili hadi mvuke ukapungua. Kilikuwa kimesimama.

Akaingiza trei nyingine, akafunga mlango, akarudi dukani, akimwachia Bernadeta oveni.