Uzi Mwekundu Juu ya Mji wa Mbao

Siku hizi mji unapangwa ndani ya kioo cha kompyuta, na anayeupanga hajawahi kuchomwa na kibanzi kidoleni. Zamani ilibidi uchongwe. Seremala wa ofisi ya mipango miji aliuchonga wote kwa mbao laini, nyumba baada ya nyumba, juu ya meza iliyojaza chumba kizima. Hata choo cha jirani yake alikiweka, maana jirani alimsihi asimsahau.

Kisha ikaja habari ya treni ya mjini. Wahandisi wakawa wanatandaza uzi mwekundu juu ya meza kuonyesha njia ya reli. Nyumba iliyoguswa na uzi iling'olewa kwa kisu, na maana yake ilijulikana: mwenyewe atahama.

Uzi ukashika njia ya mtaa wa seremala. Kila jioni mkewe, Mama Pacha, alimpokea kwa swali lilelile.

"Uzi umefika wapi?"

"Sokoni."

"Na wewe umekodoa macho tu kama mgeni?"

Kesho yake seremala akafanya la kiseremala. Akaichemsha gundi ya kuungia miguu ya viti, akaigandisha nyumba yake mezani.

Uzi ulipofika, mhandisi mkuu, binti wa rika la wanawe, akachokoa kwa kisu. Ncha ikakatika.

"Fundi, hii imeota mizizi?"

"Hiyo yangu, mwanangu."

Binti akamtazama, akatabasamu. "Ningeirudisha, fundi. Nilitaka kutoboa chini yake tu. Hapa kwenye mwinuko treni itapita chini ya ardhi. Basi tutoboe pembeni. Lete keekee."

Seremala akatoboa ubao kwa keekee. Binti akaupenyeza uzi, akamwomba aupokee chini ya meza na kuutokeza juu tena hospitalini.

Seremala akaingia kwa magoti na kurunzi. Juu yake mji wote ulikuwa umelala, mji aliouchonga akidhani anaujua, na chini yake, gizani, ule uzi ulinyooka kama mshipa. Siku moja umati wa watu utapita humu, chini ya vyungu na vitanda, bila kumwamsha mtoto. Alijikuta amevua kofia.

Jioni Mama Pacha alikuwa mlangoni.

"Uzi umefika wapi?"

"Chini ya kitanda chetu."

"Kwa hiyo tunahama."

"Hatuhami. Watapita tukiwa tumelala."

Mama Pacha akaitazama sakafu.

"Wapite," akasema. "Ila wasitubishie hodi."