Miche Iliyoinua Shingo Gizani

Aibu hii niliitafuta kwa mdomo wangu mwenyewe, msinitafutie wa kumsingizia. Enzi za Mwingereza, hapa Mbozi, shule niliionja tu, lakini miche yangu ya kahawa iliwashinda waliosoma, na kwa miche hiyo mzee mmoja wa Ihanda alikubali kunipa binti yake.

Siku moja mama mkwe mtarajiwa akaja kuniletea ulezi, na kwetu mkwe haonani uso kwa uso na mama mkwe, basi nikajitupa ghalani (halina dirisha, ndimo nilimoiweka miche isipigwe na mvua ya mawe), nikayalaza ubavu makopo yote yenye miche, moja juu ya jingine ukutani, nipate pa kuchutama. Akauacha ulezi mlangoni, akaenda. Nami nikaitwa msibani kabla sijayainua.

Niliporudi nikafungua ghala. Jamani! Makopo yamelala vilevile, ila miche yote imepinda shingo, imetazama juu, kama watu waliolala wakasikia wanaitwa kutoka darini. Mwanga hamna, upepo hamna. Nikang'oa mmoja, mzizi nao umejikunja kuelekea chini. Kisogo kikanisisimka, kama kuna mtu ananipumulia. Nani alikuja kwangu? Mama mkwe!

Jumapili, watu wakitoka kanisani, nikapaza sauti: "Mama huyu ameniroga! Njooni muone miche!" Wakaja wote. Mlangoni kila mtu akarudi nyuma, akaingia bwana shamba peke yake.

"Makopo kayalaza nani?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa... nimejificha. Mama mkwe alikuja."

Kicheko nilichopigwa! Bwana shamba akasema mche una maji yanayoukuza. Ukiulaza yanashukia upande wa chini, shina linarefuka zaidi upande huo, ndipo linapinda kwenda juu. Mzizini ni kinyume, yakizidi yanazuia, basi upande wa juu ndio unaorefuka na mzizi unainama.

Mzee wa Ihanda hakucheka. "Kijana, ulimkimbia mke wangu kwa heshima, ukamrudia kwa matusi. Binti sikupi."

Na hakunipa. Tangu hapo nikiona ajabu najiuliza kwanza mikono yangu imefanya nini, ndipo nifungue mdomo. Lakini ghala lile (semeni mtakalo) sikuliingia tena peke yangu. Maji hayo, gizani mle, nani huyaambia chini ni wapi?