Kizibo cha Nyuma

Gari letu la kwanza lilikuwa limezeeka kabla hatujalipata, na lilikunywa maji kama ng'ombe. Tukitoka Kibera kwenda popote, mke wangu alipakata jerikeni la maji. Jumamosi moja tulikwenda Kawangware kumwona dada yake, na tulipofika tu mlangoni mvuke ukafuka kutoka kwenye boneti.

Mume wa dada yake alikuwa fundi wa magari. Alijilaza chini na tochi, akatoka akicheka.

"Radieta ni nzima. Ni hivi vizibo vya bloku, vimeliwa na kutu."

Vizibo ni vile visahani vya chuma vinavyoziba matundu ya maji ubavuni mwa injini. Nikaenda kutafuta vipya. Tukamwaga maji yote, naye akaanza kung'oa vya zamani: aligonga ukingo mmoja mpaka kizibo kikageuka, kisha akakivuta kwa koleo. Vya mbele vilikubali upesi. Cha nyuma kilikuwa kimejificha kwenye kona finyu. Kukitoa alikitoa, ila kukiweka kipya kulimshinda. Mkono wake haukupita. Wangu pia.

Mke wangu, ambaye kazi yake ilikuwa kushona nguo katika soko la Toi, alikuwa amesimama nyuma yetu.

"Ebu nipisheni."

"Shemeji, utachafuka," fundi akasema.

"Si nitaoga?"

Akavaa ovaroli ya fundi, akaikunja mikono hadi viwiko, akainama juu ya injini. Alisugua tundu kwa msasa, akapaka gundi, akakiweka kizibo na kukishikiza kwa ncha ya nondo. Fundi aliinua nyundo kugonga ncha ya pili, uso umemkunjamana.

"Nikikosea nitakuvunja vidole."

"Basi usikosee. Gonga."

Mimi nilifumba macho. Kila baada ya pigo, mke wangu alipapasa ukingo.

"Kimeinama upande wa juu. Gonga tena. Eeh, hapo! Kimekaa."

Tukajaza maji, tukawasha injini na kuiacha ingurume huku tukila ugali na omena. Dada yake alikuwa ametandika gazeti chini ya gari. Tulipolichomoa lilikuwa kavu.

"Shemeji, achana na cherehani," fundi akasema, "njoo tufanye kazi."

"Nikija, mimi ndiye bosi."

Krismasi ya mwaka huo tulikwenda na gari hilo hadi kwao mke wangu, Busia. Baba mkwe alilizunguka, akanipongeza kwa kulitunza. Nikamwambia sifa ni za binti yake. Alidhani natania, mpaka binti mwenyewe alipofungua boneti na kuanza kumweleza, chakula kikapoa mezani.