Sumu Niliyounyunyizia Mtama wa Mradi

Niliwahi kuweka shambani sumu isiyoua hata sisimizi. Ikaua mtu.

Mnaonifuatilia humu mnanijua, mimi ni mwongo mstaafu. Niliwaambia nilipanda chatu hadi Masasi, mkacheka. Hii ya leo natamani ningekuwa nimeitunga.

Mwaka 1997, kijijini kwetu Mkunya. Ushirika ulishanipunguza kazi, korosho zinanunuliwa na yeyote mwenye mizani na lori. Mvua ikakatika Januari. Mahindi yakafia magotini.

Ulikuja mradi wa mbegu za ukame, na mtama wake wa majaribio nilikuwa nao mimi peke yangu.

Mfupi, mweupe, unaiva kwa miezi mitatu. Fortunatus, bwana shamba wa mradi, alikuwa anaupiga picha kama bibi harusi.

"Baba Basil, ukitupatia gunia nne za mbegu, mwakani kijiji kizima kinapanda."

Ule mtama ulikuwa na kosa moja tu. Uliiva Machi.

Machi kwetu ni njaa. Ukiwa na chakula Machi, huna chakula, una ndugu.

Walianza na salamu. "Shikamoo baba, tunapita tu." Wakipita, na masuke yamepita.

Jirani yangu Yunusi akanicheka. "Ndege unawafukuza kwa manati. Wakwe utawafukuza kwa nini?"

Nikajifanya mjanja.

Nilikuwa na salfa iliyobaki, ile ya kupulizia mikorosho. Nikaitia kwenye soksi, nikaikung'uta juu ya masuke, mstari kwa mstari. Nikachora fuvu kwenye kipande cha bati. Nikatangaza kilabuni: mradi umeleta dawa mpya ya ndege, punje moja mbuzi chini.

"Mbona inanuka salfa?" Yunusi akauliza.

"Salfa ni ya kuficha harufu ya hicho kingine."

Hakuna aliyegusa tena.

Wiki hiyo akaja dada yangu Anjelina, mjane, na kikapu kitupu. Kwetu Wamakonde, watoto wa dada ni mzigo wa mjomba. Alikuwa nao watano.

"Kaka, ni kweli hii ina sumu?"

Yunusi alikuwa amesimama pale pale, na masikio yake. Nikisema ukweli, jioni shamba limekwisha.

"Kweli, dada. Nikivuna nitauosha kwa dawa ya mradi. Wiki mbili tu."

"Wiki mbili," akasema. Akaondoka.

Nilipanga nimfuate nikamnong'oneze. Kesho. Kesho yake wakaja wageni wa mradi. Keshokutwa nikasema kesho.

Anjelina akaingia porini kuchimba ndiga.

Ndiga ni kiazi chenye sumu. Unakikata vipande, unakiloweka siku tatu, kila siku unamwaga maji na kutia mengine. Sasa maji Mkunya, mwaka ule? Unashuka bondeni alfajiri, unapanda adhuhuri na ndoo moja. Aliloweka siku moja, kwa maji yale yale. Akaonja yeye kwanza, watoto wasubiri waone.

Waliona.

Siku ya mazishi nilibeba gunia la mtama mpaka msibani. Ukapikwa ugali. Hakuna aliyenyoosha mkono. Nikala mbele yao, tonge baada ya tonge, nikiapa kwamba ni salfa tupu.

"Kula tu, Baba Basil," Yunusi akasema, macho chini. "Sisi tumeshiba."

Machi, watu wameshiba.

Ndipo Winfrida, binti mkubwa wa marehemu, akaja kukaa karibu yangu.

"Mjomba, mimi nilimwambia mama twende usiku tukavunje masuke, kwamba sumu hiyo ni hadithi zako. Akanipiga kofi. Akasema, kaka yangu anawadanganya watu wote. Mimi hajawahi."

Tonge lilibaki mdomoni, sikujua nilimeze au nilitoe.

Mradi ulipata gunia zake nne. Kwenye taarifa yao niliandikwa kaya yenye uhakika wa chakula. Watoto wale watano niliwalea mimi, wakakua, na mtama wangu hawakuugusa hata mmoja.

Mbegu haikuwa na hatia, ilistahimili ukame kama walivyosema. Ila anayetaka kuleta chakula kijijini asimpe mtu mmoja akawaacha mia wakimtazama. Huyo mmoja atawaogopa wote, mpaka aliyenyonya naye ziwa moja. Na ukweli wa kumwambia dada yako, usiulaze.