Fagio Mlangoni Kwangu

Dalali alisimama nje ya mlango wa mbele, akajifuta jasho kwa kiganja, akaniambia, "Mkali wangu, humu ndani hawataki makelele. Kama unavuta, kama unaleta watu watu, sema sasa hivi tusisumbuane."

Nikamwambia sivuti na sina watu.

"Basi tatizo lako moja tu. Wewe bachela. Bibi mwenye nyumba hapendi bachela."

Tulikuwa hatujaingia ndani bado, na mimi nilikuwa nimeshakipenda chumba. Ilitosha kwamba kilikuwa Kariakoo. Wakati ule nilikuwa naishi kwa shangazi, Mbagala, kwenye kochi la sebuleni, na kompyuta yangu ilikaa juu ya meza ya chakula, ikihamishwa kila wanapokula. Kazi yangu ni kuchora mabango na vipeperushi vya wenye maduka. Sikuisomea. Nilijifunza kwenye simu, video baada ya video, nikikosea na kurudia. Wateja wangu wote wako Kariakoo, na mteja wa Kariakoo anataka bango lake limeshaning'inizwa kabla hajafungua duka. Mara mbili nilipoteza kazi kwa sababu ya kukaa mbali. Nilikitaka chumba kile kama mtu anavyotaka maji.

Nyumba ni ya kizamani, ya mtindo wa Kiswahili: korido katikati, vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, na nyuma ua wa saruji iliyopasukapasuka, wenye bomba, choo na bafu. Imebanwa na maghorofa pande tatu. Ukisimama uani ukaangalia juu, unaona kipande cha mbingu chenye ukubwa wa mkeka. Chumba changu ni cha nne. Kina dirisha la mtaani, na mtaani kuna kila kitu: wauza vitenge, wauza sufuria, mkokoteni uliokwama, mtu anayegombana na mkokoteni.

Mwenye nyumba nilimfuata Mchafukoge, ambako anaishi ghorofani juu ya duka la vitambaa la wanawe. Ni bibi wa ukoo wa Kiarabu, mfupi, mwenye sauti inayofika mbali bila kupandishwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umeoa?"

"Bado, bibi."

"Utaoa lini?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanitazama mpaka nikaacha, kisha akasema, "Nakupa miezi mitatu. Mimi siishi kule. Ikiisha nitakuja niwaulize wenzio. Wakisema wewe ni mtu, utakaa. Wakisema si mtu, utafunga virago, wala sitataka maelezo."

Nilishuka ngazi nikiwa na uhakika kabisa. Nitasema jambo ambalo huwa naona haya kulisema: mimi nina wasiwasi wa kuzaliwa nao. Naweza kusogeza herufi moja kwenye bango, kushoto, kulia, kushoto tena, saa nzima ikapita na mteja asione tofauti. Narudi mara mbili kuhakikisha mlango nimeufunga. Lakini wasiwasi huohuo ndio uliokuwa ukinipa kiburi. Niliamini mtu anayejali kila kitu namna hii hawezi kushindwa kuonekana mtu.

Siku niliyohamia, mzee wa chumba cha kwanza alinitembeza. Ni fundi saa, ana kimeza chake pembeni ya soko, na hasemi jambo lolote bila utani. Alinionyesha ndoo ya choo na mahali pa kuanika, kisha akasema, "Usafi wa uani ni kwa zamu. Inaanza kwangu, inaishia chumba cha sita, inarudi. Wewe unamfuata mama wa vitumbua hapo cha tatu. Umeelewa, bwana mdogo?"

Nikasema nimeelewa. Ya fagio hakuniambia. Sasa naona ni kwa nini: kwao lilikuwa jambo la wazi mno, kama kumfundisha mtu kwamba mlango unafunguliwa kwa mkono.

Zamu yangu ya kwanza niliamka kabla ya wote. Nilifagia uani kwa fagio la chelewa, nikamwaga maji, nikasugua mtaro kwa sabuni ya unga mpaka povu likatoka jeupe. Wanawake walipotoka na ndoo zao walisimama.

"Makubwa! Bachela anafagia kama mwali."

"Nani atampata huyu? Mimi nampeleka kwa mdogo wangu."

Mama wa vitumbua ndiye aliyecheka kuliko wote. Ni mama wa makamo, mtu wa Masasi, huko huko upande wa kwetu, na kwa sababu hiyo tangu siku ya kwanza aliniita "mdogo wangu" na kunigongea asubuhi: "Mdogo wangu, amka ule kitumbua cha moto, cha jana kitakutoa meno." Alikuwa akikaanga uani kuanzia alfajiri, akijaza beseni, na saa moja alitakiwa awe ameshafika kwa wateja wake madukani. Kwa hiyo siku ya zamu yake alifagia mbiombio, kitenge kimefungwa kiunoni, beseni likimsubiri.

Na hakufagia vizuri. Naomba niliseme hivyo, kwa sababu kila kilichofuata kimetoka hapo. Kandokando ya mtaro paliachwa matone ya uji wa mchele, yakikauka na kung'ang'ania saruji. Pembeni pa bomba palikuwa na duara la mafuta. Niliporudi mchana kutoka kwa wateja nilipita pale nikaenda chumbani, nikawasha kompyuta, nikakaa. Matone yale yalikuwa yamekaa nami. Nilijaribu kuchora bango la duka la viatu nikashindwa. Nikatoka. Uani hapakuwa na mtu. Fagio lilikuwa limeegemezwa karibu na mlango wangu, nikalichukua, nikafagia upya ua wote, nikasugua mafuta. Nilipomaliza nilijiuliza fagio lile, ambalo nilimwona nalo mama wa chumba cha tatu, linafanya nini kwangu. Nikaona mama amelisahau kwa haraka zake. Nikaenda kuliegemeza mlangoni kwake, wima, chelewa juu, nikaingia ndani na kufanya kazi kwa raha.

Nilifanya hivyo kila zamu yake ilipofika. Kila baada ya siku sita.

Mabadiliko yalikuja polepole. Kwanza kitumbua kiliacha kugonga. Kisha "mdogo wangu" ikawa "kijana." Kisha ikawa "salama" tu, akiangalia kikaango. Nikifika bombani, maongezi ya wanawake yalikatika kama mtu aliyezima redio, na yaliendelea nikishageuza mgongo. Mtu mwingine angeuliza kuna nini. Mimi sikuuliza. Nilikuwa na jibu langu tayari: sijafagia vya kutosha. Wameona doa ambalo mimi sikuliona. Nikaenda dukani nikanunua brashi ngumu yenye mpini, yangu mwenyewe, na zamu zangu nikazifanya nikiwa nimepiga magoti. Za mama wa vitumbua pia nikazirudia kwa brashi. Kadiri walivyonyamaza ndivyo nilivyosugua. Mwezi wa tatu ungeweza kula ugali juu ya saruji ya uani, na hakuna mtu aliyekuwa akinisemesha.

Bibi alikuja Jumapili, baada ya swala ya alasiri, kama alivyoahidi. Aliwekewa kiti uani. Wapangaji tulikaa kwenye vigoda na ndoo zilizopinduliwa. Mimi nilisimama, nilivaa shati la kola, nililipiga pasi mara mbili. Bado nilikuwa na matumaini makubwa. Nilijua hakuna aliyewahi kunisikia nikipandisha sauti, wala kumwona mgeni wangu.

"Haya," bibi akasema. "Kijana wenu. Mnasemaje?"

Fundi saa akakohoa, akaanza kuichunguza saa ya mkononi mwake, ambayo nadhani ilikuwa nzima.

"Nauliza tena, au nirudi kwangu?"

Mama wa vitumbua akaweka mikono magotini. "Bibi, kijana huyu mdomoni ana adabu. Hana ugomvi, hana kelele. Lakini mkononi hana adabu. Mimi nimeishi humu mwaka wa tisa, sijawahi kufanyiwa alichonifanyia yeye."

"Amekufanyia nini?"

"Ananirudishia fagio."

Wanawake wote wakaguna kwa pamoja. Bibi akageuka kunitazama, uso umebadilika, kana kwamba nimetajiwa wizi. Mimi sikuelewa chochote, na nilisema hivyo.

"Hujui nini?" mama wa vitumbua akasema. "Nikimaliza zamu yangu naleta fagio mlangoni kwako, maana kesho ni wewe. Wewe unalichukua, unarudi kuliweka kwangu. Maana yake nini kama si kuniambia, 'Mama, hujafagia, rudia'? Asubuhi naamka nalikuta linanisubiri. Nalirudisha kwako kimyakimya, nasema ni mtoto, ataacha. Zamu ijayo, tena!"

"Miezi mitatu," fundi saa akasema, "mwenzio anapelekewa fagio kama barua ya mahakama."

Watu wakacheka, ila si mama wa vitumbua wala mimi. Nilikuwa nikizipitia zamu zote kichwani, moja moja. Zamu ya humu haikuandikwa popote wala haikutangazwa. Ilitembea yenyewe, mlango kwa mlango, na fagio. Nilidhani amelisahau.

"Mama, sikujua," nikasema. "Kweli tupu. Mzee aliniambia nakufuata wewe, basi. Fagio nilidhani ni lako, umelisahau kwangu; na asubuhi nikilikuta tena nilidhani umeniazima kwa zamu yangu, nikimaliza naliacha bombani. Nilikuwa nakurudishia mali yako."

Fundi saa akajipiga paji la uso. "Hapo ni mimi. Sikumwambia."

Nikaona nyuso zinalegea. Mmoja akasema, "Maskini, kumbe hata hakujua." Bibi akaanza kutafuta miwani kwenye mkoba wake. Ningenyamaza hapo, mambo yangekwisha.

Lakini mama wa vitumbua hakuwa amemaliza. Aliniangalia moja kwa moja, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi aliniita kama zamani.

"Sawa, mdogo wangu. La fagio hukujua. Na kufagia tena pale nilipokwisha kufagia mimi? Hilo nalo hukujua?"

Njia ya kutokea ilikuwepo. Ningesema nilitaka kumsaidia, na kila mtu angekubali, maana wote walikuwa wameshachoka na walitaka yaishe salama. Nilikitaka chumba. Nilikiona mlango wake kutoka pale niliposimama, na kufuli langu likining'inia. Hata hivyo nilijua, kwa uhakika ambao sikuwahi kuwa nao juu ya bango lolote, kwamba nikisema uongo nitaishi humu nikiogopa kila asubuhi.

"Nilijua," nikasema. "Niliona uji mtaroni, niliona mafuta, nikashindwa kuviacha. Sikuwa nakusaidia. Nilikuwa najisaidia mwenyewe. Mimi niko hivyo kwa kila kitu, na nilijua ungechukia ukiniona, ndiyo maana nilikuwa nangoja uondoke. Naomba radhi, mama."

Bibi alikuwa amepata miwani na hakuivaa.

"Kumbe uji unauona?" mama wa vitumbua akauliza.

"Nauona."

"Hata mimi nauona. Unadhani mimi kipofu? Nauona, naangalia saa, nauacha, kwa sababu mtu anasubiri kitumbua na mimi nasubiri hela yake." Akavuta pumzi. "Ungeniambia mdomoni, ningekutukana kidogo, kesho tukanywa chai. Wewe umekwenda kunisema kwa fagio."

"Ndiyo, mama."

"Siku yangu ni yangu. Hata ukikuta nimemwaga sufuria nzima."

"Hata sufuria nzima."

"Ataugua huyu," fundi saa akasema. "Siku hiyo tumfungie ndani."

Mama wa vitumbua akacheka kwanza kwa pua, kisha kwa mwili mzima, akimpiga begani jirani yake. Akamgeukia bibi. "Mtu ni mtu. Akae. Mwongo angesema alikuwa ananisaidia."

Bibi akawatazama wengine mmoja mmoja, na kila mmoja akaitikia kwa kichwa. Akatoa daftari kwenye mkoba, akachana karatasi katikati, akanipa na kalamu. "Andika wewe, mimi macho hata kwa miwani hayaoni vizuri. Andika kwamba umepanga chumba changu cha nne, mwaka mmoja kuanzia leo."

Nikaandika juu ya ndoo iliyopinduliwa, kila mtu akiniangalia. Nilianza kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Nilipofika kwenye muda, mkono wangu, ambao kwa siku nyingi ulikuwa ukihesabu kitu kimoja tu, uliandika "miezi mitatu."

"Bibi, samahani, nimekosea. Naomba karatasi nyingine."

"Umekosea nini?" Akasogea, akasoma kwa taabu, akasonya. "Karatasi ya nini tena? Kata hapo. Andika mwaka juu yake."

Nikakata. Mstari ulikwenda upande, wino ukavuja kidogo pembeni. Juu yake nikaandika "mwaka mmoja," kwa herufi zilizobanana. Bibi akatia sahihi, fundi saa akatia yake kama shahidi, na mama wa vitumbua akaandika jina lake pole pole, kubwa, akiniziba mimi nafasi ya sahihi yangu, nikatia yangu nyuma ya karatasi.