Gunia la Kuonyeshea

Mtaani walimwita Fundi Gunia, na yeye hakuchukia. Jina alijitafutia mwenyewe. Kila alipozibua bomba la choo, kabla hata ya kunawa mikono, alitandaza gunia chini, akapanga juu yake vyote alivyovitoa, kisha akaita nyumba nzima ije kutazama.

"Tumekuamini, fundi, katupe tu," watu walimwambia huku wamejiziba pua.

"Pua zibeni," alijibu, "macho fungueni."

Alikuwa na sababu. Miaka zaidi ya ishirini ya kazi ilimfundisha kwamba maji taka yakipanda ndani ya nyumba, kitu cha kwanza kutafutwa si fundi, ni mkosaji. Wa chini humlaumu wa juu, mpangaji humlaumu mwenye nyumba, na wote wakichoka humgeukia msichana wa kazi. Kuna nyumba moja mama mkwe na mkaza mwana walinuniana miezi mitatu, mpaka Fundi Gunia alipoweka juu ya gunia meno ya bandia ya mzee mwenye nyumba, yamekenua kabisa, na mzee akayatambua bila kuulizwa. Tangu siku hiyo fundi alijiona nusu fundi, nusu hakimu. Na tuseme ukweli, ile nusu ya hakimu ndiyo aliyoipenda zaidi.

Kwa hiyo alipoitwa kwenye ile nyumba ya ghorofa moja iliyo kando ya barabara, alikwenda kifua mbele. Chini palikuwa na duka la ushonaji la mama mwenye nyumba, cherehani nne na rafu za sare za shule. Juu alikaa mpangaji waliyemwita Mama Mapacha, mwenye watoto wawili wa mwaka mmoja na nusu na mume anayefanya kazi mbali. Maji yalikuwa yamepanda kupitia choo cha duka, yakatambaa mpaka kwenye sare zilizokwisha kushonwa. Fundi aliingiza fimbo zake za kuzibulia kutokea nje, zile zinazoungwa moja baada ya nyingine, akazungusha, akavuta. Kikatoka kipande cha nepi ya kitambaa. Akakiweka juu ya gunia.

Mama mwenye nyumba aliinua tu macho kuangalia dari.

"Labda kiliniponyoka wakati nafua, mama," alisema Mama Mapacha. "Nisamehe sana."

Akapiga magoti papo hapo, siku mbili akisugua sakafu ya duka, pacha mmoja mgongoni, mwingine kafungiwa ndani analia. Mama mwenye nyumba akamwambia safari hii yameisha, lakini yakipanda tena afungashe. Siku ya kwanza Fundi Gunia alikuwa pale akisuuza fimbo zake. Aliusikia msamaha ule ukiombwa, akauona kuwa sehemu ya kazi iliyokamilika.

Siku ya kumi na moja maji yakapanda tena.

Mama mwenye nyumba hakuwa na simile. Alimpa mpangaji mpaka Jumamosi awe ametoka, kisha akampigia fundi simu mbele ya wateja. "Njoo unionyeshe nepi nyingine," alisema.

Hakuna kitu kilichomkera Fundi Gunia kama kurudia kazi. Alifika Ijumaa asubuhi, hana hata utani. Akaziingiza fimbo. Ya tisa ilipofika nusu zikagota palepale pa siku ile, na alipozungusha akasikia mlio wa chuma kukwaruza chuma. Akazungusha tena. Mlio uleule. Na nepi, hata iwe chafu namna gani, hailii hivyo.

Mahali penyewe alipajua. Palikuwa na chemba, shimo la kukagulia bomba. Aliijenga mwenyewe miaka kumi na sita iliyopita, marehemu mume wa mama huyu alipokuwa akiinua nyumba. Marehemu hakutaka mfuniko uonekane katikati ya duka, akasema unaharibu sura. Fundi yeyote mwenye akili timamu angekataa, maana chemba isiyofunguka ni kaburi tu. Lakini yeye alikuwa kijana, anatafuta sifa, akaweka marumaru juu yake zikang'aa, akasifiwa. Siku ile ya nepi aliikumbuka chemba hiyo. Ila kuitaja kungekuwa kujiumbua, basi akanyamaza.

"Mama, itabidi tuvunje sakafu," alisema. "Pale, chini ya cherehani ya pili."

"Umejuaje kuwa ni pale?"

"Nilijenga mimi."

Mama akaisogeza cherehani mwenyewe. "Haya, vunja."

Akavunja. Juu ya kichwa chake kitanda kilikuwa kinaburutwa, mguu mmoja ukikwaruza sakafu, na mtoto analia kivivu. Mama Mapacha alikuwa anafungasha. Mfuniko ulipoinuliwa, harufu ikawatoa wote mbio, mama mwenye nyumba na wateja wake, wakasimama barazani wameipa chemba kisogo. Fundi akabaki peke yake. Akavuta glavu mpaka kwenye kiwiko, akazamisha mkono, akapapasa matambara, nywele, nyuzi, halafu mpini wa mti.

Ulikuwa mwiko wa kujengea. Umelala kukingama mdomo wa bomba, umejisokotea uchafu wa miaka. Kwenye mpini kulikuwa na mikato mitatu ya kisu. Hakuhitaji kuihesabu. Kila chombo chake kilikuwa na mikato hiyo, kisije kikachanganyika na vya mafundi wengine. Mwiko huu aliutafuta wiki nzima mwaka ule, mkewe akimcheka.

Aliogopa. Aliona aibu, na aibu ikamfanya awe mwepesi wa mikono: akautumbukiza mwiko ndani ya ndoo, akaufunika na matambara. Hakuna aliyeona. Ndivyo kazi hii ilivyo, watu wote huangalia pembeni. Angewaonyesha matambara, angesema uchafu ulikuwa mwingi, na maji yangekwenda vizuri kuanzia leo.

Kitanda kikakwaruza tena. Akamkumbuka yule mwanamke kapiga magoti, anasema nisamehe sana.

Akatandaza gunia.

"Mama, njoo. Na yule wa juu aitwe."

"Wa juu wa nini? Nepi zake nazijua."

"Aitwe, mama. Bila yeye ndoo siigusi."

Mama Mapacha akashuka, utepe wa kufungia maboksi umemning'inia mkononi, pacha mmoja kiunoni. Fundi akatoa matambara kwanza, kisha nyuzi na vipande vya kitambaa cha sare, na mama mwenye nyumba akakohoa kidogo alipovitambua. Kisha akatoa mwiko. Akaufuta mpini kwa kidole gumba mpaka mikato ikaonekana. Akachukua nyundo yake kwenye mfuko wa vifaa, akailaza kando yake, mikato mitatu kwa mitatu.

"Wangu," alisema. "Niliuacha humu siku naziba sakafu. Kila kilichopita kilinasa hapa. Bila huu, kile kipande cha nepi kingekwenda zake."

"Na siku ile ukaniita nione nepi!"

"Nilikuonyesha nilichokitoa, mama. Nilichokijua nilikificha."

Mama mwenye nyumba akavuta pumzi. Kwa mara ya kwanza akamgeukia mpangaji wake. "Kitanda kirudishe mahali pake," alisema. "Na wewe fundi, mfuniko safari hii ukae juu, niuone."

Mama Mapacha alichuchumaa mbele ya gunia bila kuziba pua, akautazama mwiko.

"Nimekuwa nikiwapiga watoto," alisema taratibu. "Wakisogelea choo tu, wasije wakatupia kitu, nawapiga mikono."

Fundi Gunia akavua glavu zake polepole.

Mtoto aliyekuwa kiunoni alivutwa na ile nyundo. Akanyoosha mkono kuishika, kisha akamtazama mama yake, akaurudisha haraka na kuuficha kwapani.