Masikio ya Miguuni

Nilizaliwa na mgongo uliopinda. Majirani walisema eti mama alinipindisha kwa kubeba kitunga kizito akiwa na mimba yangu. Wapi! Mfupa mmoja haukukamilika tumboni, basi. Lakini midomo ya watu haina kizibo.

Nilipovunja ungo, vita ikiwa imetukalia hapa Kindu, mgongo ukazidi kupinda. Daktari mgeni alikuja kwa ndege, akamwambia mama: tukiuacha, utambana mapafu, tukimpasua tuunganishe mifupa isiendelee kupinda, miguu inaweza kufa. Mama alilia. Kila bunduki zilipoanza, sisi tulikimbilia msituni, upande wa Kailo. Mtu bila miguu atakimbia na nini?

"Kwanza apumue," mama akasema mwishowe.

Dawa ya usingizi ilikuwa tamu, jamani. Niliona Lualaba imetulia tuli, nami natembea juu ya maji nimenyooka, kitenge kinapepea, hakuna anayenifukuza. Sikutaka kurudi.

Sauti ikaniita: "Bouge les orteils!" Daktari alikuwa ananiambia nichezeshe vidole vya miguu. Lakini shule zilikuwa zimefungwa siku nyingi, Kifaransa changu cha kubahatisha. Mimi nikasikia oreilles, masikio. Loo! Nikakaza taya, nikakunja uso, nitikise masikio. Akarudia, nikakaza zaidi. Shuka la miguuni kimya. Uso wake ukabadilika, nami hasira zikanipanda: mtu gani huyu, ananidhani mimi mbuzi?

Mama, aliyekuwa mlangoni, akapiga yowe. Akaingia bila ruhusa, akanishika mguu.

"Mutoto yangu, vidole! Vidole ya miguu!"

"Si mungesema!" nikafoka, nikavichezesha vyote.

Mama akakaa sakafuni, akacheka huku machozi yanamtoka. Tangu siku ile salamu yake ya asubuhi ikawa hiyo: "Masikio iko muzima?" Nami namtolea mguu.

Sasa mimi ni mtu mzima. Mgongo umebaki na kona yake, lakini napumua. Mama amezeeka, masikio yake ya kweli hayasikii tena. Asubuhi, ukungu wa mto ukiwa bado uani, nakaa mkekani kwake, namminya kidole gumba cha mguu. Anakichezesha. "Iko muzima," anasema.

Leo asubuhi kidole kilichelewa. Nikaminya tena, roho juu, nikajua alichokihisi siku ile pale mlangoni. Kisha kikacheza, na mama akacheka kabla hajafumbua macho.